Minataka kuanza zumba (spor ya kucheza na muziki) lakini niko na haya. Nani alishaendaka hapa Lushi (Lubumbashi)?

mama_wa_mapacha (Katuba)
Jambo yenu bote. Niko na myaka 43, batoto bane, kazi yangu ni kukaa mu butike kuanza asubui mpaka giza, na juzi munganga akanipima tansyo (presha) akakunja uso, akasema mama, dawa nitakupatia lakini miguu ni yako, sherti uanze kutembeza ile mwili. Kukimbia barabarani sitaki, na hii vumbi, na bale bajeune wa ku kona wenye banapigaka kelele "mama punguza bukari" (ugali). Jirani yangu anaendaka ku sale (ukumbi) moya ya Kamalondo, kazi moya, kazi tatu na posho (Jumatatu, Jumatano na Jumamosi), saa kumi na mbili na nusu ya asubui, banacheza zumba na monitere (mwalimu), anarudi na jasho na kicheko mpaka minasikia wivu.

Sasa shida. Mara ya mwisho nilifanya spor ilikuwa ku masomo, na mwalimu alinichekaka mbele ya darasa muzima. Sijui kuvaa nini, sijui nisimame wapi, sijui kama batanikamata na telefone banitie mu WhatsApp, ile njo inaniogopesha kupita hata tansyo yenyewe. Wenye mulishaanza, siku ya kwanza ilikuwa gisi gani? Musinifiche.

tomson_na_bukari
Mama, weye Mukongomani unalipa feza juu bakufundishe kucheza?? 😂 Shiye tulizaliwa mu rumba, hata UNESCO ilituandika mu mwezi wa 12 ya 2021. Tosha bafle (spika) mu lupango (kiwanja ya nyumba), ita batoto, cheza, bure. Ile feza nunua tomson (samaki).

mustari_ya_pili
Tomson hata miye nilisemaka vile, tena na mudomo mukubwa. Ku ndoa nikiingia katikati batu banasimama banibandike feza ku kipaji, ku Kenya (commune ya hapa Lushi, si inchi) hakuna mwenye hanijue. Siku ya kwanza ku zumba nilipotea sawa mugeni mu soko ya Kenya siku ya posho, nilitoka na hasira, nilisema monitere hajue kazi.

Nikakaa nikafikiri, nikaona sababu. Ku ndoa unacheza fasi moya, kiuno inafanya kazi miguu inapumuzika, kila mutu na yake, ukikosa batu banasema ni staili mupya. Kule beko banahesabu. Moya mpaka munane, munane ikiisha mara ine muchezo inabadirika, na batu makumi tatu banaenda kushoto pamoya, weye unaenda kulia, munakutana kifua kwa kifua na mama mwenye hata haukumusalimia.

Mama wa mapacha, sikia sasa yenye hakuna mutu aliniambiaka. Usisimame mbele, ile unajua. Lakini usisimame HATA NYUMA KABISA! Juu monitere anapendaka kusema "geukeni", bote banageuka, na weye wa nyuma unakuwa wa mbele, hauna mutu wa kuangalia na sale nzima inakuangalia weye. Simama mustari ya pili ao ya tatu, katikati, mutu mwenye anajua mbele yako na mwingine nyuma yako.

Halafu miguu kwanza. Mikono acha ilale, juma ya kwanza mikono ni mapambo. Ukipotea usisimame sawa nguzo, tembea paka pale pale, kushoto kulia kushoto kulia, ungoje munane mupya, hakuna mwenye atajua kama ulipotea. Na angalia mukono ya monitere, mwenye anajua kazi yake anaonyesha fasi ya kwenda mbele ya munane kuisha, anahesabu nyuma nyuma na vidole, ine, tatu, mbili. Akikuangalia uso kwa uso fanya sawa kioo, fata upande yenye mukono yake inaelekea, ukianza kufikiri "kushoto yake ao kushoto yangu" ulishachelewa.

mama_wa_mapacha (Katuba)
Yaya aksanti mingi sana, nilisoma mara mbili. Na nguo? Kolan (ya kubana miguu) sitavaa, mbele ya batu, na hii mwili yangu, aa wapi.

mustari_ya_pili
Bamama mingi banakuyaka na kolan na kikwembe (kitenge) juu yake, banafunga nguvu ku kiuno. Wengine na sirwali ya bwana yao. T-shirt ya kampanye ya kisiasa njo yunifomu, siku ya posho unaweza kuhesabu vyama vyote ya inchi pale. Kitu moya tu usifanyie uchoyo: sutie (sidiria) ya kukaza. Ile ya kawaida nyuma ya dakika kumi utashika kifua na mikono mbili na hautacheza tena. Kama hauna, vaa mbili.

Na chupa ya maji. Na kataulo.

Telefone: uliza monitere mbele ya kuanza. Kwetu alikataza, mwenye anataka kufilme anatoka inje. Fasi yenye haikataze, rudi ku nyumba, sale hazikosekane.

kine_wa_lushi
Samahani niingie, ni kazi yangu, niko kine, mwenye anatengenezaka viungo na nyama ya mwili. Mama, kwa sababu ulitaja tansyo, munganga wako alikuruhusu, ile ni mwanzo muzuri, lakini muulize tena kitu moya: dawa alikupatia ni ya aina gani. Kuko dawa ya tansyo yenye inapunguzaka mbio ya moyo, na mutu mwenye anakunywa ile, hesabu ya 220 kutosha myaka yake haimusaidie, moyo hautafika pale hata akikimbia na simba. Tumia mudomo yako. Ukicheza na unaweza kuzungumuza na mwenzako lakini kuimba hauwezi, uko fasi ya muzuri. Ukishindwa hata kusema jina yako, punguza. Hakuna mwenye alikufunga kamba pale, unaweza kutembea pole pole wengine banaruka.

Kifua ikiuma, ao ikikaza, ao mukono ao taya inauma, ao macho inaingia giza, acha kucheza, kaa, na uende ku hospitali mara moya. Haya ya kutoka katikati ya muziki isikuue.

Usikatize mara moya. Nyimbo ikiisha batu banapenda kuanguka ku kiti, na damu inabakia mu miguu, kichwa inazunguka. Tembea tembea dakika tano.

Sasa baskete (raba), ile njo naona kila juma ku kazi. Baskete ya kukimbia iko na meno ya kushika chini, ni muzuri kwa kwenda mbele. Ku zumba unazunguka, unaenda pembeni, mwili inageuka na kiatu inabakia pale, goti njo inalipa. Tafuta baskete ya chini laini laini, yenye inashika mguu pembeni. Zile za balo (mitumba, kwa wenye hawajue neno) zinafaa kabisa, pindisha mbele uone inapinda ku vidole na si katikati. Na kama sale iko na sima (saruji) tupu chini, usiruke. Monitere anaruka, weye kanyaga.

dereva_wa_kasumbalesa
Habari zenu wapendwa, niko foleni hapa mpakani siku ya pili naomba kuuliza na mimi maana nasoma tu. Mimi dereva wa lori, nakaa kwenye kiti kuanzia Dar mpaka Lushi, mgongo umekuwa wa babu yangu na tumbo linagusa usukani. Wanaume wanaenda hayo madarasa au nitakuwa jogoo peke yangu?

tomson_na_bukari
Jogoo 😂😂😂 karibu Lushi vieux

mustari_ya_pili
Kwetu beko batatu. Moya ni papa mwenye alitoka retrete (alistaafu kazi), anacheza kupita shiye bote. Wa pili alikuya kusindikiza bibi yake akabakia. Wa tatu alikuya juu ya kuangalia banamuke, ile inaonekanaka mbio, nyuma ya nyimbo mbili hana pumuzi ya kuangalia mutu. Kuya tu kaka, simama pembeni ya ule papa.

mwana_wa_bukavu
Bandugu hii zumba si ni kintu ya Brazil? Ku Bukavu banatuambiaka ni ya Brazil.

kine_wa_lushi
Hapana, Kolombia. Mu mji ya Cali, myaka ya 1990, monitere mumoya wa aerobiki jina yake Beto Pérez alisahau kaseti yake ya kazi, akatosha zake mwenyewe zenye alikuwa nazo, salsa na merengue, akafundisha na zile. Batu bakapenda. Kisha akaenda Marekani, na mu 2001 akaanzisha kampani na wenzake babili, wote batatu banaitwa Alberto, ile huwa inanichekesha. Jina Zumba ni ya ile kampani, mwenye anafundisha na ile jina anapaswa kuwa na lisansi yao. Kwa hiyo mingi yenye tunaita zumba huku kwetu ni aerobiki na ndombolo, na minaona si vibaya hata kidogo, kama monitere anajua mwili ya mutu.

mustari_ya_pili
Na sasa Tomson asifikiri batu ba Kolombia njo banatufundisha kupanga mustari. Muulize mubibi yeyote wa commune Kenya kuhusu ba Jecoke, Jeunes Comiques ya Kenya, kundi ya muziki na muchezo, bale ba myaka ya 1950. Kucheza kwa kipimo, pamoya, bamevaa muzuri, hapa hapa Lushi ilikuwa kazi ya batu. Shiye tulisahau tu, tukabakia na kiuno.

tomson_na_bukari
Hapo umenikamata. Ninanyamaza.

(kesho yake, nyuma ya mara yake ya kwanza)

mama_wa_mapacha (Katuba)
NILIENDA. Sina miguu. Ninaandika nimelala.

Niwaelezee. Niliamka saa kumi na moya, baridi ile ya mwezi wa sita yenye unajua, mudomo inatoka moshi, bwana akauliza unaenda kuzika nani. Nilifika, nikaona bamama beko bananyoosha mwili na kucheka, na yote mulinifundisha ikapotea mu kichwa, haya ikanishika, nikaenda moja kwa moja NYUMA KABISA, ku ukuta, karibu na mulango, juu nikitaka kukimbia iwe rahisi. Yaya, ninajua. Usiseme kitu.

Eshofema (kupasha mwili moto) nilifanya muzuri, nikaanza kujiamini. Nyimbo ya kwanza nikashika miguu. Nyimbo ya pili monitere akapiga makofi, "geukeni!" Bote bakageuka. Ninainua macho, mbele yangu kuko mulango tu. Nyuma yangu batu makumi tatu banangoja mama wa Katuba aonyeshe njia. Nikafanya nini? Nilitembea pale pale sawa mulivyosema, kushoto kulia, na mustari ya nyuma yangu ikanifata bote, banatembea pale pale, mpaka monitere akacheka akasema sawa, tutembee basi.

Na kikwembe ikafunguka. Ndani nilivaa sirwali ya bwana kwa hiyo hakuna mutu alikufwa.

Nilicheza nusu, nusu nilikaa ku benchi na maji. Nililipa ya mwezi. Kutoka pale kuko ngazi sita tu, nilishuka kinyumenyume. Kine, hii maumivu ya mapaja ni kawaida ao niende ku hospitali? Ku choo nashikilia ukuta.

dereva_wa_kasumbalesa
Dada nimecheka mpaka wenzangu kwenye foleni wameamka 😂 hongera sana

kine_wa_lushi
Kawaida. Maumivu ya mapaja inakuyaka kesho yake, siku ya pili njo inapanda kabisa, kisha inashuka yenyewe. Batu banasema ni aside imebakia mu nyama, hapana, ile inatokaka nyuma ya saa moya hivi, hii ni nyuzi za nyama zimeshituka juu ya kazi yenye hazijaizoea. Tembea kidogo, maji ya moto, usilale siku nzima. Mara ya pili haitauma vile. Lakini kama ni goti yenyewe inauma, ao inavimba, ao mkojo unakuwa rangi ya kahawa, ile si kawaida, usingoje.

niliacha_sijute
Mimi nitasema yenye hamutapenda. Nilienda myezi miwili fasi moya, sitaji, nikaacha. Muziki kelele mpaka masikio inalia mpaka magaribi. Monitere anamuita mama munene "wee kiboko" mbele ya batu na bote banacheka, eti ni kumutia nguvu. Kisha akaanza kutuuzisha chai ya kupunguza tumbo, na sashe (mifuko ya plastiki) za kufunga ku tumbo juu jasho itoke. Mwenye hakununue hamusalimie tena. Minajua si fasi yote beko vile. Lakini musimuambie mutu mupya kama ni furaha tupu, kuko batu tuliumia kule, na sasa ninatembea na yaya yangu kila asubui mpaka ku kartie ya Golf na kurudi, tunaongea, bure, na tansyo yangu iko muzuri.

kine_wa_lushi
Uko na haki kabisa. Kutembea kwa mwendo wa nguvu ni dawa sawa sawa, OMS (Shirika la Afya Duniani) inaomba dakika 150 mpaka 300 ku juma kwa mutu mukubwa, haiseme sherti ucheze. Na ile ya sashe ni uongo, kilo yenye inapotea ni maji, ukikunywa inarudi. Mu joto ni hatari hata. Chai, sijui banatia nini mule, na mutu wa dawa ya tansyo asiguse.

mustari_ya_pili
Mi ninaheshimu yako. Ila mama mwenye banamuita kiboko, mimi ningesimamisha muziki. Kwetu kuko mama wa kilo 120 ku mustari ya kwanza, anafika wa kwanza, anafungua madirisha, na hakuna kinywa ya kumusema.

mama_wa_mapacha (Katuba)
Niliacha_sijute, aksanti kusema ile. Nilifikiri mara mbili mbele ya kurudi. Nilirudi juu ya kitu kijinga: nililipa ya mwezi na feza yangu haitabakia kule peke yake.

Mara ya pili nilisimama mustari ya tatu. Tofauti ni sawa mbingu na udongo. Mama wa mbele yangu ana baskete nyekundu, nikaangalia paka ile baskete saa nzima, sikuangalia kioo, sikuangalia mutu. Nikashika nyimbo tatu. Mara ya tatu nikajaribu mikono, nikapoteza miguu, nikaacha mikono.

Na nikaona kitu, sijui kama ni miye tu. Hakuna mutu ananiangalia. Nilikuwa natazama chini ya macho nione nani anacheka, na kila mutu eko na jasho yake, anahesabu na mudomo, sita saba munane. Hata yule papa wa retrete anahesabu.

tomson_na_bukari
Bibi yangu alisoma hii uzi ku telefone yangu. Sasa anataka kwenda. Na anasema sitabakia nimelala. Muniombee.

mama_wa_mapacha (Katuba)
Juma ya ine, niwaambie ya leo halafu niende kufungua butike.

Tulikuwa katikati ya merengue, kuran (umeme) ikakatika. Bafle kimya. Kwa kawaida pale batu banasema basi tuende, na bamoya bakaanza kutafuta baskete zao za barabarani. Monitere akasema hapana, akaanza kupiga makofi. Makofi peke yake, mu sale kubwa sawa vile, ilikuwa ndogo, tulikuwa na haya bote sasa, si miye tu, bila muziki unajisikia mupumbafu. Kisha mama mumoya wa nyuma akaanza kuimba, wimbo wa kanisa wenye bote tunajua, akauimba mbio mbio, na wengine bakajibu.

Na pale njo nilisikia. Miguu. Batu makumi tatu banakanyaga chini pamoya, ku sima, pwa pwa pwa pwa, na ile munane yenye nilikuwa natafuta mu bafle juma tatu sikuiona, ilikuwa chini pale. Bafle njo ilikuwa inaifunika. Sikuangalia tena baskete nyekundu. Nilienda kushoto na bote, nikarudi na bote, na mikono ikapanda yenyewe sikuiita.

Halafu kuran ikarudi katikati ya wimbo, bafle ikalia, na nikapotea tena mara moya hahaha. Lakini sasa ninajua munane inakaa wapi.

Munganga nitamuona mwisho wa mwezi.

kine_wa_lushi
Usiache dawa mbele ya kumuona, hata kama unajisikia muzuri.

mama_wa_mapacha (Katuba)
Siache.

dereva_wa_kasumbalesa
Nimerudi tena, na leo nimevuka jamani! Kesho kutwa niko Lushi, napumzika siku nne. Posho ndiyo Jumamosi, si ndiyo? Naomba mnielekeze mlango, na kama pana chai karibu maana hiyo saa kumi na mbili na nusu ni usiku.

mama_wa_mapacha (Katuba)
Njo ile, Jumamosi. Nitakuandikia fasi pembeni, si hapa mbele ya batu bote. Mulango ni ya buluu, utaona mama mwenye anauzisha vitumbula vya moto na chai. Usikule mbele ya kuingia kaka, mwenzako alijaribu. Nyuma, tutakula bote.

tomson_na_bukari
Nani atanikopesha baskete namba 43. Si ya kukimbia, nilisoma.